Gasketi Yenye Mkia

Vijana wangu wa spana, kabla sijawaambia lolote nataka mjue kwamba nawashuku. Nashuku mmeanza kusoma hapa mkitafuta njia ya mkato ya kukata gasketi ya kabureta bila gharama, na mkishaipata mtaniacha na hadithi zangu. Siwalaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Ndiyo maana nimeichanganya hiyo njia na maneno mengine, anayeitaka itabidi ayale yote.

Nimestaafu, kama fundi wa pikipiki anaweza kustaafu. Hakuna aliyenifanyia sherehe wala kunipa saa ya ukutani. Macho ndiyo yaliyonistaafisha. Ilifika siku nikawa silioni tundu la jeti, kile kijibomba cha kabureta kinachopimia injini petroli, hata nikilielekeza juani, na fundi asiyeona tundu la jeti ni mtu hatari. Siku hizi nakaa kwenye benchi nje ya gereji ya mpwa wangu hapa Kizota, nakunywa kahawa, nasikiliza injini za watu na kuwawazia mabaya.

Kushuku nimezaliwa nako. Sisi ni watu wa mjini wa siku nyingi, ukoo wa maduka. Babu wa babu alifika na misafara ya biashara, akapapenda hapa, akabaki. Nyumbani kwetu hakuna kitu kilichoingia bila kunuswa. Mama alikuwa anazamisha mkono mpaka kwenye kitako cha gunia la mchele kabla ya kulipokea, kwa sababu mchele wa juu na mchele wa chini mara nyingi havijuani. Siku niliyomwambia baba kwamba sitaki duka, nataka kwenda kujifunza pikipiki, hakugomba. Aliniuliza nani amenituma.

Aliyenifundisha kazi, kama kufundisha ndilo neno lenyewe, ni Mzee Sefu, Mungu amrehemu. Kufungua injini alinionyesha. Breki alinionyesha, nyaya alinionyesha. Lakini ikifika zamu ya kukata gasketi aligeuka akanipa mgongo. Zamani zile gasketi za dukani zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na aliyejua kukata ndiye aliyeshika gereji. Mzee Sefu aliamini kwamba siku nitakayojua, siku ya pili yake nitafungua gereji ng'ambo ya barabara. Sikuwa na mpango huo, ila kwa vile yeye aliuwaza, nami nikaanza kuuwaza.

Basi nikajifunza kwa masikio. Nilikuwa nafagia polepole nyuma yake nikisikiliza kinyundo. Kikipiga karatasi katikati mlio unakuwa mzito. Kikifika ukingoni mwa chuma mlio unachomoza, unakuwa mkali kidogo, halafu karatasi ikikatika unasikia chuma kitupu na mzee anaacha. Nikaokota kabureta moja mbovu, nikaificha nyuma ya pipa la oili, na kila alipotoka kwenda msikitini nikawa najigongea pale. Siku moja, ameshanipa mgongo wake kama kawaida, akasema bila kugeuka, "Sudi, unapiga kwa nguvu mno. Kabureta ni laini, utaibonyeza mdomo." Kumbe naye alikuwa akirudi anasimama nje na kunisikiliza. Tangu siku ile alikata akiwa amenielekea, na hatukulizungumza tena.

Sasa shikeni. Chini ya kabureta kuna kikombe, tunakiita bakuli, ndimo petroli inamotulia kabla injini haijainywa. Kati ya bakuli na mwili wa kabureta kuna gasketi, na kazi yake ni moja, petroli isitoke. Ikichoka, paka mafuta mepesi kwenye ukingo wa bakuli, likandamize kwenye karatasi yako mpaka lichore umbo lake. Toboa matundu ya skrubu kwanza, hayo kwanza kabla ya jingine lolote, kisha ilaze karatasi juu ya bakuli upitishe skrubu zake humo ili isihame. Hapo ndipo uchukue kinyundo kidogo chenye kichwa cha duara uguse ukingo, uguse tu, ukisikiliza. Ndani malizia kwa wembe. Halafu futa, futa tena, kwa sababu unyuzi mmoja wa karatasi ukiingia kwenye jeti mteja atarudi akiisukuma pikipiki, na mtu aliyesukuma pikipiki kwenye jua la Dodoma hana salamu.

Karatasi ipi? Hapo ndipo tabia yangu ilipokuwa na faida. Msiiamini karatasi yoyote. Kata kipande, kitumbukize kwenye kifuniko cha chupa chenye petroli, kiache mpaka kesho yake. Kikivimba, kikitoa rangi, kikijibandua tabaka tabaka, tupa. Petroli yenyewe nayo msiiamini. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, likikauka likaacha doa, basi huyo aliyekuuzia amechakachua kwa mafuta ya taa, na lawama zitakujia wewe.

Jirani yangu wa gereji, Mbwana, aliniona mjinga kuhangaika na karatasi. Yeye alikata gasketi za bakuli kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Zilikaa vizuri, laini, zinapendeza, wateja wakamsifu. Lakini mpira wa tyubu na petroli hawapatani. Ukilowa unavimba, unajikunja, unaingia ndani na kulikwamisha boya, lile linaloelea na kuifunga petroli bakuli likijaa, na boya likikwama petroli inafurika. Mwalimu mmoja wa njia ya Buigiri aliisukuma pikipiki yake kurudi mjini na kumkuta Mbwana anakula. Sitasimulia yaliyofuata. Ila Mbwana alihama Kizota akiamini kwamba mimi nilimwendea kwa mganga, na mpaka leo tukikutana sokoni anashika upande mwingine. Na msije mkadhani gundi za silikoni zitawaokoa. Petroli inazila, zinamomonyoka, makombo yanakwenda kuziba jeti.

Mimi karatasi yangu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kadi za michango. Serikali ilipohamia hapa mji ulijaa watumishi wa kila mkoa na kila dini, na kila mmoja alikuwa na harusi, au kuagwa kwa binti, au kipaimara, au ndugu anayeoa. Kadi zilimiminika, nene, za kung'aa, zenye maua ya dhahabu. Nilizichovya kwenye petroli usiku kucha, hazikuvimba. Mke wangu alichukia sana hiyo tabia. Tulikosa harusi ya binamu yake kwa sababu niliikata kadi ya mwaliko kabla hajaisoma, na tarehe ikaondoka na pikipiki ya mteja. Halafu zikaja simu. Siku hizi ukiombwa mchango unatumiwa picha, unaingizwa kwenye kundi, na gasketi haikatwi kwenye simu. Kadi zikakauka ghafla, nikahamia karatasi ya gasketi ya dukani, ile ya kuviringishwa. Ni nzuri, ingawa nayo nilikuwa naichovya.

Jambo moja zaidi la kazi, na hili sijawahi kumwambia mtu, hata mpwa wangu. Wateja wana tabia ya kurudi na ubovu wa fundi mwingine na kukwambia ni wewe uliyefunga. Nilipochoka kubishana nikaanza kuacha mkia. Kila gasketi ya bakuli niliyoikata niliiachia kiulimi kidogo, upana wa punje ya mchele, kinachochungulia nje karibu na skrubu ya nyuma. Asiyejua anaona fundi amekata vibaya. Mimi nikipitisha ukucha pale najua kama ni mkono wangu au wa mwingine. Kwa nini nilimficha hata mpwa wangu? Kwa sababu angeweza kuacha mkia naye.

Sasa niwaambie ya Mama Neema.

Ilikuwa karibu na mwisho wa kazi yangu, macho yameshaanza kunikimbia. Asubuhi moja pikipiki ilikuja gereji ikiendeshwa na kijana nisiyemjua, na nyuma yake bajaji, na kwenye bajaji mama mmoja nadhifu, mtumishi wa ofisi fulani, anakaa Area D. Alinisalimu shikamoo vizuri, akavuta kigoda, akakaa pale ambapo angeiona mikono yangu. Hilo halikuniudhi. Hapa kwetu wateja wote wanaojitambua hukaa na kumwangalia fundi anavyofungua, asije akawatolea kizuri akaweka kibovu. Ningekuwa mteja, mimi ningekaa karibu zaidi.

Kabla sijashika spana akatokea Yona, anakimbia, shati limelowa. Yona nilimfahamu kwa sura, dereva wa bodaboda, kijana wa vijiji vya upande wa Buigiri, mkimya, Kiswahili chake kina Kigogo ndani yake. Pikipiki ilikuwa ya Mama Neema na Yona aliiendesha kwa mkataba. Mnajua mkataba ulivyo. Mwenye pikipiki ananunua, dereva anapeleka hesabu, fedha waliyopatana, kila wiki, na akimaliza muda pikipiki inakuwa yake. Lakini akibambwa na kosa kabla ya kumaliza, pikipiki inarudi kwa mwenyewe na jasho lake lote linapotea. Yona alikuwa amebakiza kidogo sana. Mama Neema alikuwa amemchukulia pikipiki kwenye kituo cha bodaboda wakati Yona amekwenda kunywa chai.

Kosa lenyewe ni kwamba Yona ameibadilisha kabureta. Ametoa mpya ya kiwandani, akaiuza, akafunga kuukuu. Ndivyo Mama Neema alivyosema. Ushahidi wake ni kwamba hesabu ilikuwa imeanza kusuasua, na Yona alipoulizwa alijibu kwamba pikipiki inakula mafuta kupita kiasi, tangu siku ya kwanza inakula. Yona alisimama mbele yangu mikono nyuma. "Mzee, kabureta hiyo mimi sijaigusa. Hata kuifuta naogopa kuifuta."

Nitakuwa mkweli kwenu, niliwashuku wote wawili, na wa kwanza alikuwa mama. Nimewaona wenye pikipiki wengi ambao upofu wao unaisha mkataba unapokaribia mwisho. Mwaka mzima hawaoni kosa, halafu ghafla wanaona kila kitu. Yona nikamshuku wa pili, kwa sababu nimewaona na madereva, na wanaojificha nyuma ya ukimya ndio nawaogopa zaidi.

Nikainama. Chini ya kabureta, kuzunguka bakuli lote, vumbi lilikuwa limeganda. Vumbi letu jekundu halishiki palipo pakavu. Likiganda mahali ujue pana unyevu, na unyevu wa hapo ni petroli. Bakuli lilikuwa linatoa jasho. Pikipiki ikitembea upepo unaikausha, ikisimama unasikia harufu tu, na mwenye kulipa mafuta anadhani injini ndiyo inayokunywa. Hapo nikajua Yona hasemi uongo juu ya mafuta. Nikapitisha ukucha nyuma, kwenye skrubu. Nikaugusa mkia.

Niliogopa, sioni haya kusema. Pikipiki ile sikuwahi kuiona maishani mwangu. Namba yake ilikuwa ya juzi juzi tu. Na kazi yangu ilikuwa tumboni mwake. Ningesema, mama angesema nini? Angesema fundi na bodaboda ni kitu kimoja, wamekula pamoja, na Yona angepoteza pikipiki kwa ajili ya mdomo wangu. Nikanyamaza. Nikauliza jambo jingine.

"Mama, neno kabureta alilitaja nani kwanza?"

Akanitazama. Mtu anayeshuku anaponusa mwenzake anayeshuku, kuna namna wanavyotazamana. Akasema ni kaka yake. Yeye mwenyewe hajui kabureta wala bomba la moshi. Ni kaka yake Deo aliyemnunulia ile pikipiki dukani, akakaa nayo siku chache akiizoesha injini, kisha akamkabidhi. Ni Deo aliyesikia malalamiko ya mafuta na kusema papo hapo kwamba huyo kijana amebadilisha kabureta, mnyang'anye. Kabla mama hajamkabidhi Yona, wenzake ofisini walimtahadharisha kwamba madereva hubadilisha vifaa, naye akapaka alama yake kwa rangi ya kucha kwenye kila maungio aliyoyaona, bila kujua kipi kinaitwaje. Akainuka kwenye kigoda, akachuchumaa na sketi yake ya ofisini kwenye oili, akanionyesha. Mstari mwekundu ulitoka kwenye mwili wa kabureta ukavuka maungio, ukashuka mpaka kwenye bakuli. Ulikuwa mzima.

Yona akapumua. Akapumua mapema.

"Anaweza kuwa ameupaka upya," mama akasema.

"Mama, mimi rangi ya kucha nitaitoa wapi?"

"Una mke."

Lakini akainamisha uso zaidi, akautazama mstari wake kwa muda, na akakubali mwenyewe kwamba ni wake. Rangi ilikuwa na chengachenga ambazo hazipatikani Dodoma, ndugu yake alimletea kutoka safari, na chupa ilishakauka. Nilimheshimu kwa hilo. Watu wengi wakishashuku hawataki kuona kinachowapinga.

Nikafungua mbele ya wote wawili. Skrubu ziligoma, bakuli likatoka kwa kubembelezwa, na gasketi ikabaki imeshika nusu huku nusu kule, kahawia, ngumu, inavunjika kama biskuti. Haikuwa ya kiwandani, hata mtoto angeona. Mama akaniuliza kama ile ndiyo inayotoka dukani. Nikamjibu hapana, hiyo imekatwa kwa mkono. Yona akakaa chini kwenye tairi bovu, akaweka mikono kichwani. Nadhani aliona kwamba mambo yameisha, na kwamba hata yeye haelewi yameishaje.

Mama Neema akaokota kile kipande chenye mkia. Akakigeuza juani. Mimi nilikuwa namtazama usoni, kwa sababu macho yangu hayakuweza tena kuona alichokuwa anakitazama.

"Fundi," akasema polepole, "hapa pana rangi yangu."

Nikamwita Yona aje aone. Akaja akaona. Juu ya kiulimi cha karatasi, kile cha upana wa punje ya mchele, kulikuwa na tone jekundu lenye chengachenga. Mstari wake ulipovuka maungio ulipita juu ya mkia wangu. Mama hakuhitaji mimi nimweleze. Akasema mwenyewe, kama anayejisomea, kwamba basi karatasi ilikuwemo kabla hajapaka. Siku aliyomkabidhi Yona pikipiki mpya, kabureta ilikuwa tayari kuukuu. Alikuwa amekiwekea alama ya ulinzi kitu ambacho kilikuwa kimeshaibwa.

Hapo ndipo nikafungua mdomo wangu. Nikamwambia karatasi ile ni kadi ya mchango, na mkato ni wa mkono wangu, na kwamba niliacha kutumia kadi siku nyingi kabla pikipiki yake haijatoka kiwandani. Kabureta ile niliifunga kwenye pikipiki nyingine, ya mtu mwingine. Mtu gani sijui. Nasahau sura za wateja, sisahau kazi. Akaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Nikamjibu kwamba nilikuwa namshuku yeye. Akatikisa kichwa, akaona ni jibu la kutosha.

Kisha akatoa simu, akaiweka sauti wazi. Kaka yake naye alikuwa na pikipiki, aina ile ile, ya zamani zaidi. Alimsalimu shikamoo kwa sauti ya kila siku. Deo akaitikia, akauliza upesi kama ameshaichukua. Mama akasema anayo.

"Kaka, nilitaka kukuuliza, hivi ya kwako siku hizi inakulaje mafuta?"

Tulisikia Deo anacheka. "Ya kwangu? Hiyo hainywi, inanusa tu. Tangu mwaka jana imekuwa kama mpya." Halafu kicheko kikakatika. "Uko wapi kwani?"

"Kwa fundi. Kizota."

"Msifungue kitu hapo. Nakuja sasa hivi."

Tulimsubiri. Niliosha kabureta, nikaikausha, nikakata gasketi mpya kwa karatasi ya dukani, yenye mkia wake. Nikafunga. Deo hakuja. Mama Neema alikuwa amekaa kwenye kigoda na simu mapajani, na safari hii hakuangalia mikono yangu wala chochote. Akasema, si kwangu wala kwa Yona, kwamba huyo ndiye aliyemsomesha. Baba yao alikufa mapema, Deo akaacha shule akabeba mizigo stendi ili mdogo wake amalize. Ni yeye aliyemfundisha asimwamini mtu mjini. Nilizoea kuwashuku watu baki. Kumshuku wa kwako inauma namna nyingine, na niliumia naye.

Kisha Yona akasogea. Aliuliza kwa adabu, macho chini.

"Mama, kwa hiyo petroli yote hii, mimi nimekuwa namlipia nani?"

Mama Neema alifungua mkoba, akatafuta, akatoa funguo moja yenye kamba ya bluu. Funguo ya akiba. Wenye pikipiki za mkataba hawaiachii kamwe mpaka siku ya mwisho, kwa sababu aliye nayo ndiye anayeweza kuichukua pikipiki yako popote utakapoiegesha, hata ukiwa umekwenda kunywa chai.

"Mkataba umekwisha," akasema. "Imekuwa yako. Kadi yake ya usajili nitakuletea kesho kituoni."

Yona hakunyoosha mkono. Alimtazama mama, akaitazama funguo, akanitazama mimi, na nilimwelewa kabisa. Asubuhi ile ile mtu huyu alikuwa amemwita mwizi. Anatafuta tundu la mtego liko wapi. Na mimi, ambaye maisha yangu yote nimewaambia watu wakague, wanuse, wachovye kwenye petroli, nilijikuta nasema, "Chukua, mwanangu." Sikuwa na uhakika. Nilisema tu.

Akaichukua. Kisha akaenda kwenye pikipiki, akachomeka ile funguo kwenye swichi, akazungusha, kuona kama kweli ni yenyewe. Taa ya kijani ikawaka. Niliona aibu kwa niaba yake, nikamgeukia mama nikitaka kumwombea radhi.

Mama Neema hakuwa amekasirika. Alikuwa anafuta machozi kwa upande wa kiganja.

"Jaribu na kwenye mfuniko wa tenki," akamwambia.